Mita ya Nyumba ya Mzee Ezra

Radi iliunguza mita ya umeme ya nyumba ya marehemu Mzee Ezra huko Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime, na Alhamisi asubuhi fundi alikuja kufunga nyingine. Alitoboa ukuta wa varanda, akakaza skrubu, akamwambia Waisiko, binti wa marehemu, aikariri namba mpya, kwa sababu bila hiyo hataweza kununua umeme. Namba ilikuwa 77843839397. Aliyeikariri kwanza ni Neema, mtoto wa Waisiko, aliyekuwa darasa la pili na alikuwa anakariri kila kitu, hata matangazo ya redio. Fundi alikunywa maji, akawasha pikipiki yake, akaenda zake.

Mchana huo Waisiko alisonga ugali wa muhogo, akaupindua kwenye sinia, akachukua kisu ili aukate sehemu mbili, yake na ya Neema. Kisu kilipita mpaka kikagonga bati, na kilipotoka ugali ulikuwa mzima, hauna hata mstari. Alijaribu kwa mwiko. Ukajifunga nyuma ya mwiko. Kumega, hata hivyo, hakukuwa na matata: tonge lilitoka, likachovywa, likaliwa. Kwa hiyo walikula pamoja kwenye sinia moja, kila mtu kwa kasi yake, na Neema akapata zaidi kwa sababu mama yake hakuwa na haraka.

Kesho yake mche wa sabuni ulikataa kukatwa. Kitenge cha doti, ambacho Waisiko alitaka kukichana ashone gauni na kibakie kipande cha mtoto, kilikataa nacho, na mkasi ukabaki unatafuna hewa. Mwalimu Ambokile, mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa Rungwe aliyeletwa na serikali kufundisha hisabati sekondari, alishindwa kugawa mkate wake nusu ya asubuhi na nusu ya jioni. Waisiko alivuka kwa jirani yake Gloria kuuliza kama na kwao ni hivyo.

"Hapana, sisi tunakata tu," alisema Gloria. "Mita yenu mpya inaishia na ngapi?"

"Saba."

"Yetu nne. Basi itakuwa hiyo."

Wakaongea mambo mengine, Waisiko akaomba chumvi, akarudi.

Jambo lenyewe lisingemkosesha usingizi kama si maneno ya baba yake. Waisiko aliwahi kuolewa Machochwe, huko Serengeti, na mwanamume ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga. Alipomkimbia, Mzee Ezra alirudisha ng'ombe wa mahari mmoja mmoja mpaka wakaisha, na kwa hiyo, kwa mila ya Wakurya, binti akawa wa kwao tena kama vile hakuwahi kutoka. Neema alizaliwa baadaye, hapo hapo Turwa, na hakuna aliyeleta ng'ombe kwa ajili yake. Kisha mzee akaugua, akalala kitandani na hakuinuka tena. Waisiko alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimsikiliza akilia akiita watu waliokufa zamani. Kaka zake walikuwa wanapiga simu.

Siku mzee alipoona amefika mwisho aliwaita wote. Alikuwepo Erasto, mwanawe wa kwanza, mfanyabiashara wa ng'ombe minadani. Alikuwepo Joel, mdogo wao, fundi magari wa Sirari. Alikuwepo Mzee Heche, mdogo wake marehemu na mkubwa wa ukoo. Akawaambia boma ligawanywe sehemu tatu: nyumba na mbele yake kwa Erasto, mikaratusi kwa Joel, na upande wa chini wenye migomba na jiko lenye chumba kwa Waisiko. "Huyu hana pengine pa kwenda," alisema, "na ndiye aliyenishika." Wote waliitikia ndiyo. Waliitikia kwa sauti, hata mpangaji akasikia uani.

Sasa msiba ulikuwa unamalizika, na Erasto na Joel walikuja kugawa. Walinunua kamba ya katani wakaivuta kutoka mikaratusini. Ilinyooka vizuri mpaka katikati ya boma, halafu ncha zake mbili zikakutana mkononi mwa Joel. Waliivuta tena. Zikakutana tena. Wakaona waache kamba, wapande minyaa ya mpaka kwa kukadiria kwa macho. Asubuhi minyaa yote ilikuwa imesimama kwenye ua wa nje, imeshika mizizi, na katikati ya boma udongo ulikuwa laini kama haujaguswa na jembe.

"Sasa hii ni mambo gani, mura?" alisema Joel, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimekaa sana mpakani. "Hii boma inakataa."

"Ni mita," alisema Neema.

"Ni mita kweli," alisema Erasto, na akaenda mjini kuomba ibadilishwe. Aliambiwa mita haina kasoro yoyote, inasoma vizuri, na mita nzima haibadilishwi. Joel akaamua kuifungua mwenyewe. Aliifungua, akaiweka kwenye kisanduku cha vifaa, na namba ikabaki ukutani palepale, imeingia kwenye chokaa. Taa hazikuzimika. Akairudisha.

Ndipo Mwalimu Ambokile alipoamua kuipima. Alikuwa mtu mpweke, hisabati ilikuwa inampa raha, na kusema kweli alitaka pia kukata mkate wake. Alijumlisha tarakimu zote akapata sitini na nane, kwa hiyo tatu haiingii. Saba iliacha mbili. Kumi na moja iliacha tano. Kumi na tatu iliacha kumi na mbili, ambayo ilimkera, maana ilibaki kidogo tu. Zilizofuata alizipeleka kwenye kompyuta ya shule, na kompyuta ilimaliza kazi kwa muda mfupi kuliko muda wa kuiwasha. Hakuna kilichoingia. Alirudi akamkuta Waisiko anafua, akamweleza.

"Ni namba tasa, mama Neema. Haigawanyiki kwa mbili wala kwa tatu wala kwa chochote cha katikati. Bilioni sabini na saba, milioni mia nane arobaini na tatu, elfu mia nane thelathini na tisa, mia tatu tisini na saba. Kubwa hivyo, na hakuna mlango."

Waisiko alikamua shuka. "Kwa hiyo sehemu yangu?"

"Kwa sasa haipo," alisema Ambokile. "Lakini na zao hazipo."

Hilo lilimtuliza kidogo. Alijua si jambo la kufurahia, akalifurahia hivyo hivyo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata wazee wa ukoo walikuja kumaliza msiba. Ng'ombe dume alichinjwa uani, akachunwa, akalazwa juu ya majani ya migomba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nyama ya msiba haigawiwi ovyo. Kidari kina mwenyewe, paja lina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, na mzee aliyepewa sehemu isiyo yake anaweza kukaa na kinyongo mpaka anazikwa. Mkataji alikata paja. Paja halikutoka. Shoka lilishuka kwenye mfupa, mfupa ukaufungia mlio wake ndani, na likipanda mnyama ni mzima. Waliazima kisu cha ukoo mwingine, wakidhani cha kwao kimechoka. Walimvuta ng'ombe mpaka barabarani, nje ya boma. Ilikuwa ni ile ile, kwa sababu mali ya nyumba ni ya nyumba hata ikiwa barabarani. Mtu angeweza kunyofoa kipande kwa vidole akala amesimama, na vijana wawili walifanya hivyo, lakini hakuna mzee ambaye angekubali kulishwa hivyo msibani kwa kaka yake.

Jua lilikuwa linapanda. Mzee Heche aliagiza mpangaji aitwe.

"Shikamoo, mzee," alisema Ambokile.

"Marahaba. Mwalimu, wewe ni mtu wa mbali, huna upande hapa. Hiyo namba inataka nini?"

"Haitaki kitu, mzee. Ndivyo ilivyo tu."

"Inagawanyika kwa ngapi?"

"Kwa moja, na kwa yenyewe."

"Kwa moja," alisema Heche polepole. "Yaani apewe mmoja."

Erasto alikohoa. Joel alisimama kabisa. "Mmoja yupi? Hapana, wazee, hapo hatuelewani. Mimi siwezi kwenda Sirari na mikono mitupu."

"Kaa chini. Na hiyo ya kwa yenyewe?"

"Wapatikane watu bilioni sabini na saba na zaidi, kila mmoja achukue chake."

"Hao hatuna," alisema mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda, na hakuwa anatania.

Ambokile alikuwa na chaki mfukoni. Baadaye alitamani angekuwa ameiacha shuleni. Aliandika namba ile mlangoni kwa tarakimu kubwa, akasema njia zipo, tena mbili, na zote rahisi. Ukiongeza mmoja, saba ya mwisho inakuwa nane, jumla ya tarakimu inakuwa sitini na tisa, na tatu inaingia bila baki. Sehemu tatu, alivyosema marehemu. Au ukitoa mmoja, saba inakuwa sita, na mbili inaingia bila baki. Aliyasema haya kwa furaha, jinsi anavyosema darasani swali gumu likifunguka. Hakufikiri kwamba kuna mtu angeangalia njia ya pili. Kwake ilikuwa pale kwa ajili ya ukamilifu tu.

Waisiko aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko alisikia moyo wake unashuka mahali pake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alimvuta Neema, akamfuta pua kwa ncha ya kanga, akamsukuma mbele taratibu.

"Wa kuongezwa si huyu hapa?" alisema.

Na kweli alikuwa huyo. Katika ukoo ule mtu huongezwa kwa kutajwa: mkubwa anasimama mlangoni, anataja jina la mtoto na la babu yake, mtoto anaingia ndani, basi. Neema hakuwahi kutajwa. Mzee Ezra alikusudia, kisha akaugua, na waliobaki hawakuona haraka. Mambo yote yangechukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Mzee Heche alimwangalia mtoto, na alimwangalia kwa upole, hilo lisemwe.

"Mtoto hana ubaya," alisema. "Hata mimi nampenda. Lakini tukimwongeza huyu leo, kesho binti wa kila boma atasimama mlangoni na wake. Tutaongeza mpaka lini?"

Wazee waliguna kukubali. Nzi walikuwa wameshafika kwenye nyama.

"Na kutoa?" aliuliza Erasto. Aliuliza akiangalia viatu vyake.

"Kutoa..." alisema Ambokile. "Mimi nilikuwa natoa mfano tu."

"Mfano wako ni mzuri," alisema Heche. "Ukitoa mmoja, hawa wawili wanapata nusu kwa nusu?"

"Ndiyo, mzee. Lakini kuongeza na kutoa ni kazi ile ile. Tena kuongeza..."

"Mwalimu. Wewe ni mpangaji."

Ambokile alirudisha chaki mfukoni. Joel alikuwa ameshakaa. Nusu ni kubwa kuliko theluthi, hata darasa la tatu wanajua, na Joel alikuwa amefika darasa la saba.

Hakuna aliyeuliza atolewe nani. Hilo ndilo lililomuuma Waisiko kuliko yote. Alisubiri waulize, wabishane kidogo, hata kwa aibu tu, jina lake lipingwe na mtu mmoja kabla ya kukubaliwa. Walikuwa wanaongea kuhusu kamba.

"Mbona hamuulizi nani?" alisema.

Waliacha kuongea.

"Baba mdogo, ulikuwepo. Ulikaa miguuni pake kitandani. Alisema tatu, ukaitikia ndiyo."

"Nilikuwepo," alisema Heche. "Alisema, na niliitikia. Lakini namba imekataa."

"Imekataa tatu, imekataa na mbili! Mbona mbili mnaitafutia njia?"

Sauti yake ilipasuka hapo mwisho, na aliona aibu, akakasirika kwa kuona aibu. Erasto alifungua mdomo. Labda alitaka kusema kitu, maana alikuwa amebebwa mgongoni na dada huyu alipougua tetekuwanga, ingawa yeye ndiye mkubwa, na alikuwa hajasahau. Alimwangalia Joel. Joel alikuwa anaangalia simu.

"Mwanangu," alisema Mzee Heche, "nyama inaharibika."

Na ilikuwa kweli. Waisiko aliingia ndani akakusanya vitu vyake: sufuria, jiko la mkaa, madaftari ya mtoto, kitenge cha doti. Joel mwenyewe alikunja godoro akalifunga kamba ya katani, ile ile ya kupimia, akalibeba mpaka kwenye bodaboda, akahakikisha halitaanguka. Alikuwa kijana mwenye adabu. Gloria alisimama kwenye ua wake akilia waziwazi, akamwambia kuna chumba cha kupanga kwa binamu yake upande wa pili wa mji. Neema aliuliza kama watarudi kulala. Mama yake alisema hapana, panda.

Walipovuka geti, Mzee Heche alifunga mlango wa nyumba nyuma yao, kama inavyotakiwa mtu akitolewa. Kwenye mita ya varandani saba ya mwisho ilijikunja ikawa sita. Ambokile aliiona ikijikunja. Alisimama pale muda mrefu, kwa sababu waliotoka walikuwa wawili na iliyopungua ilikuwa moja. Alihesabu tena, akaelewa. Mtoto hakuwahi kuongezwa, kwa hiyo hakukuwa na cha kutoa.

Kamba ilinyooka kutoka mikaratusini mpaka chini na ikabaki imenyooka. Mpaka ulipita katikati ya jiko. Minyaa ilipandwa upya na ikatulia. Erasto alinunua umeme kwa namba mpya, ukaingia bila shida, na taa ya varanda ikawaka mchana kweupe kabla hajaizima. Ng'ombe alikatika. Mkataji alisema hajawahi kukata nyama laini namna ile. Kidari kilikwenda kwa mwenye kidari, paja kwa mwenye paja, na wazee walikula wakashiba, wakamtaja marehemu kwa mema, wakasema ameacha nyumba yenye amani.

Ambokile alikuwa amekaribishwa, akala kidogo. Jumatatu aliomba kuhamia chumba kingine, na mwezi ukaisha hajapata, akabaki.

Lakini Wakurya wanajua haki ya nyama. Katika ng'ombe wa msiba wa baba, binti wa nyumba ana fungu lake, na hakuna mila inayosema akose kwa sababu hayupo. Mzee Heche mwenyewe ndiye aliyelikumbuka. Akaamuru likatwe vizuri, lisipunjwe, liwekwe kwenye beseni, lifunikwe majani ya migomba, na bodaboda yule yule aitwe alipeleke.

Jua lilikuwa bado juu alipofika. Waisiko alikuwa amekaa kizingitini mwa chumba kisicho na kitasa, Neema yuko juu ya godoro ambalo hawajalikunjua.

"Ni fungu lako la binti wa nyumba," alisema kijana wa bodaboda. "Wamesema wasije wakaonekana wamekunyima haki yako."

Waisiko aliliangalia beseni. Ilikuwa nyama nzuri, nyekundu, yenye mafuta yake pembeni. Alitaka kuimwaga barabarani mbwa wale. Aliutaka sana mkono wake ufanye hivyo. Neema alikuwa hajala tangu asubuhi, na alikuwa ameshainuka kwenye godoro, anaiangalia nyama.

Waisiko aliihamishia kwenye sufuria. Alichukua kisu akaigusa kwa ncha tu, ikaachana vipande viwili sawasawa.

Kijana wa bodaboda alikuwa bado amesimama. Alijikuna shingo.

"Samahani, dada. Wamesema beseni lirudi."

Waisiko alilisuuza kwa maji ya ndoo, akalipangusa kwa kanga, akampa.